Kompyuta Inayowaka Ikijisikia

DADA: Karibuni tena. Leo mgonjwa ni wangu mwenyewe, fundi. Kompyuta ya mezani, imepita miaka 10. Asubuhi nikibonyeza swichi feni zinazunguka, taa inawaka, lakini kioo cheusi tii. Nazima, nawasha, nazima, nawasha. Mara ya nne au ya tano inaamka kama vile haikuwa na lolote, na siku nzima inapiga kazi.

FUNDI: Umeshaifanya nini?

DADA: Nilibadilisha rami, kile kibao cha kumbukumbu ya muda. Ikawaka papo hapo, nikashangilia peke yangu. Kesho yake asubuhi, yale yale.

FUNDI: Wakati unabadilisha hiyo rami, ilikuwa imezimwa kwa muda gani?

DADA: Kama dakika kumi... Aa!

FUNDI: Umeona eeh? Ilikuwa bado ina joto. Ungeipangusa vumbi na kuibembeleza ingewaka vilevile, na leo ungekuwa unawauzia watu dawa ya kubembeleza. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndivyo ulivyo: chochote ulichogusa mwisho ndicho kinachopewa sifa. Mimi sisemi imepona mpaka iwake asubuhi tatu mfululizo, kila mara ikiwa imelala imezimwa usiku kucha.

DADA: Kwa hiyo mshukiwa wako ni nani?

FUNDI: Kwa dalili hizo, ikigoma baridi na kukubali ikipata joto, naanza na pawa saplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Ndani yake kuna kapasita zenye majimaji, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme na kuutuliza. Miaka inavyokwenda yanakauka, ukinzani wa ndani unapanda, na baridi inauongeza zaidi. Sasa, kila unapowasha, pawa saplai inatakiwa iipe mamabodi, ile bodi kuu, ishara kwamba umeme umetulia. Ishara isipofika, prosesa, ubongo wa kompyuta, haianzi kazi hata kidogo.

DADA: Lakini feni zinazunguka!

FUNDI: Feni hailalamikii umeme mchafu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaona feni wanasema umeme upo. Na huko kuwasha na kuzima kwako ndiko kunakozipasha kapasita joto.

DADA: Nikipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme?

FUNDI: Pima. Waya wa njano wa pawa saplai usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma nje ya hapo, kesi imekwisha. Ukisoma ndani, usiiachie huru bado, kwa sababu multimita inakupa wastani tu, haioni umeme unavyotetemeka. Kipimo cha kweli ni kufunga pawa saplai nyingine unayojua ni nzima.

DADA: Na kuifungua hii nione kapasita zenyewe?

FUNDI: Hapana, dada. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita yake kubwa hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata ukishachomoa waya. Kapasita za kuangalia kwa macho ni za kwenye mamabodi. Mulika tochi. Iliyovimba kichwani au iliyovuja utaijua tu. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 zilisumbua sana kwa hilo.

DADA: Kuna mwenzetu mmoja yake inakwamia mbele zaidi. Nembo inatokea, kisha inadai haioni diski. Na saa inarudi nyuma miaka.

FUNDI: Saa ikirudi nyuma, badilisha betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3. Inapokufa mipangilio ya bayosi, ile programu ya kuiamsha kompyuta, inapotea, na diski iliyozoea AHCI, namna mojawapo ya kuwasiliana na mamabodi, inaweza kujikuta imerudishwa kwenye namna ya zamani, IDE. Hapo Windows inaanguka. Huyo nadhani anachomoa waya ukutani kila usiku, maana waya ukiwa umechomekwa betri haitumiki sana, ugonjwa unajificha. Ila kama saa iko sawa na diski ndiyo inayopotea, anakili mafaili yake kwanza, siku ambayo imekubali kuwaka. Kisha abadilishe kebo ya diski. Asianze na kebo.

DADA: Mimi naweza kuazima pawa saplai ya mdogo wangu. Niifunge leo?

FUNDI: Leo jioni ni sawa, lakini usiipime leo. Iache mpaka asubuhi. Umebakiza ile rami ya zamani?

DADA: Ipo kwenye droo.

FUNDI: Irudishe kwanza.

DADA: Ile mbovu?

FUNDI: Nani kakwambia ni mbovu?