Sakafu ya mbao inanyanyuka? Tafuta maji kabla ya kushika nyundo

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo niko Mbeya, kwenye nyumba iliyojengwa mtelemkoni, na sebule yake ina sakafu ya mninga. Tazameni hapa karibu na ukuta wa nyuma: mbao zimeinuka, ukikanyaga zinabonyea na kulia. Mama mwenye nyumba alitaka zigongwe misumari upya. Nimemwomba tusubiri kwanza, maana ukigongelea ubao uliovimba unaupasua bure, na maji yanaendelea kuja.

Kwanza, soma umbo la ubao. Chukua rula ya chuma au pimamaji, ilaze kukatisha upana wa ubao mmoja. Sogeza kamera hapa chini. Mnaona? Rula imegusa kingo zote mbili, lakini katikati mwanga unapita. Ubao umebonyea kama sahani. Hiyo inatuambia upande wa chini una unyevu kuliko wa juu, kwa hiyo umevimba zaidi. Ukikuta kinyume chake, katikati kumepanda na kingo ziko chini, fikiria kudeki kwa maji mengi, au sakafu iliyopigwa msasa kabla haijakauka. Na hapa kwenye kichwa cha msumari, pameota kutu na pembeni kuna duara jeusi. Unyevu huu si wa jana.

Gonga pia kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia ubao una uwazi ndani, au ukiona udongo wa mchwa kwenye maungio, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Pili, ng'oa skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, taratibu. Mbao hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, ndiyo maana pembeni huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 15. Hapa hakuna nafasi, ubao umekita kwenye plasta mpaka umeichubua. Wengi wakifika hapa wanasema jibu limepatikana. Hapana. Kukosa nafasi kumefanya mbao ziinuke, lakini kilichozivimbisha bado hatujakiona.

Tatu, chora kwa chaki eneo lote lililoinuka. Likielekea bafuni au jikoni, shuku bomba. Likiwa chumba kizima, shuku jamvi, yaani zege lililo chini ya mbao. Likifuata ukuta wa nje kama hapa, bomba tulipime kwanza, halafu tutoke nje.

Kupima bomba hakuna gharama. Funga koki zote, usitumie maji kwa saa moja au mbili, soma mita mwanzo na mwisho. Namba ikisogea, kuna maji yanapotea. Ila kama una tangi la juu, mita huenda isikuonyeshe uvujaji wa mabomba ya ndani. Usiku, watu wakilala, funga koki ya kuingizia maji kwenye tangi, weka alama mahali maji yalipofikia, uangalie asubuhi. Hapa maji hayakushuka.

Sasa twende nyuma ya nyumba. Huu ndio ugonjwa wa nyumba nyingi za mtelemkoni, Mbeya, Tukuyu, hata Njombe. Kilima kimekatwa, udongo umerudi kuegemea ukuta, na leo uko juu kuliko sakafu ya ndani. Gata imekatika, maji ya paa yanamwagika palepale. Mvua zikianza Novemba hadi Aprili au Mei, ukuta unakunywa tu.

Ili kuthibitisha, tumetoa mbao chache na kubandika kipande cha nailoni, kama sentimita 45 kila upande, juu ya zege tupu, kingo zote zimezibwa kwa tepu. Tumekiacha usiku kucha. Nafunua: matone yamejaa upande wa chini, na zege limekuwa jeusi. Kwa jamvi jipya ungepata jibu hilihili, kwa sababu zege huhitaji takribani mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene kabla ya kuwekewa mbao, na kwenye baridi na mvua muda unaongezeka.

Matengenezo yanaanzia nje: shusha udongo uwe chini ya usawa wa sakafu, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali, tengeneza gata. Ndani, fungua madirisha siku za jua. Tafadhali sana, usiwashe jiko la mkaa ndani ili kukausha sakafu. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Msasa bado. Ukizikwangua kingo leo, ubao ukikauka katikati kutabaki na mgongo. Pima kwa rula kila wiki, mahali palepale. Vipimo vikiacha kubadilika, na nailoni ikitoka kavu, hapo ndipo uamue ubao upi unabaki na upi unabadilishwa. Kwa nyumba hii, nakadiria tutashika nyundo kipupwe kikishakolea.