Wabrazili Wakiudaka Wimbo

BAKARI: Karibuni tena. Mwanaidi, leo nasikia umetuletea Brazili.

MWANAIDI: Nimewaletea, kaka Bakari, na naanza na Muingereza. James Blunt alitoa "Same Mistake" mwaka 2007: wimbo wa majonzi, gitaa la pole pole, na mahali fulani anatoa sauti nyembamba ya kulia. Mwaka 2021 waimbaji wawili wa forró, Ávine Vinny na Matheus Fernandes, wakakidaka kile kilio tu. Wakakifanya mlio wa mbwa!

BAKARI: Mbwa?

MWANAIDI: Mbwa hasa. Unaitwa "Coração Cachorro", moyo unabweka kwa mapenzi. TikTok nzima ya Brazili ikawa inabweka. Blunt mwenyewe akausikia, akaupokea kwa utani huko huko TikTok, na baadaye yakapatikana makubaliano: asilimia 20 ya haki za wimbo.

BAKARI: Hapo mimi nasimama na Blunt. Wimbo mzima umebebwa na kilio chake, halafu apewe 20?

MWANAIDI: Hapana, kaka. Sikiliza mdundo. Forró ni muziki wa ngoma wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Asili yake ni kodiani, ngoma ya zabumba na kile chuma cha pembetatu kinachogongwa, na siku hizi kinanda kinashika nafasi kubwa. Wimbo wa kulilia kitandani wameutia miguu. Maneno yao, mdundo wao. Blunt anastahili haki yake, ndiyo, lakini kazi ni yao.

BAKARI: Hilo nalijua kwetu Mombasa. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, akayatilia mashairi ya Kiswahili, na hakuna aliyesikia Uhindi pale. Watu walisikia Bhalo.

MWANAIDI: Basi umenielewa! Na wapo wanaokwenda mbali zaidi. MC Fioti wa São Paulo, mwaka 2017, alichukua mahadhi ya filimbi ya Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani wa karne ya 18, akayatandikia mdundo wa funk ya mitaani. "Bum Bum Tam Tam" imetazamwa zaidi ya mara bilioni 1 YouTube.

BAKARI: Na Bach hadai asilimia.

MWANAIDI: Hadai. Lakini ninachokipenda mimi ni kilichofuata. Taasisi ya Butantan, iliyoko São Paulo hapo hapo, ndiyo iliyokuwa ikishughulikia chanjo ya korona. Watu mtandaoni wakaona jina la taasisi linaingia sawasawa kwenye kiitikio, wakaanza kuuimba hivyo. Fioti hakununa kwamba wimbo wake umechezewa. Januari 2021 akaurekodi upya uwe wimbo wa chanjo, na video akaipigia ndani ya Butantan, wafanyakazi wa taasisi wakicheza naye.

BAKARI: Tuweke huo kwanza. Blunt na mbwa wake watafuata.