Ghala limejaa, mtoto hakui: tuongee kuhusu lishe

Kamwene! Kamweneee! Mama zangu, baba zangu, na nyie vijana mliosimama kule nyuma sogeeni basi, hii habari sio ya kinamama peke yao.

Kuna namba inaniuma sana. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30. Hapa kwetu Iringa? Karibu 57! Njombe na Rukwa nao kama nusu. Yani mikoa hii hii inayolisha nchi, malori yanapakia mahindi hapa kila msimu kupeleka mjini, ndio inaongoza kwa udumavu. Kwaiyo tuwe wakweli, shida yetu sio njaa. Watoto wanashiba, ila wanashiba kitu kimoja asubuhi, mchana na usiku.

Na naombeni tuache kusema "ukoo wetu ndio wafupi". Mtoto akidumaa sio urefu tu, na ubongo nao haujengeki vizuri, na kazi kubwa ya huo ujenzi inafanyika kuanzia mimba inapotunga mpaka mtoto anafikisha miaka miwili, baada ya hapo kurudisha ni ngumu mno.

Sasa tuje kwenye bakuli. Miezi sita ya mwanzo ni ziwa la mama tu, hata maji hapana, na jamani ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi, tusimuonjeshe mtoto wa umri wowote. Baada ya hapo ndio anaanza chakula na ziwa linaendelea. Chukua mtoto wa miezi nane, tumbo lake kwa mlo mmoja linabeba kama robo lita hivi, basi. Ukimpa uji mwepesi ule unaotiririka, umemjaza maji, atalala vizuri tu halafu baada ya muda mfupi analia, na mama anasema huyu mtoto msumbufu! Pika uji mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka, tia maziwa au karanga zilizosagwa, ponda parachichi pembeni, siku nyingine ugali laini na maharage yaliyopondwa, siku nyingine dagaa waliosagwa, yai, mchicha wenye mafuta kidogo maana vitamini A bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Na mahindi na maharage vinasaidiana, protini inayopungua kwenye mahindi maharage yanayo.

Ule unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga vyote mfuko mmoja mimi siushauri hata kidogo. Mchele unaiva mapema, soya bado, na karanga zikikaa kwenye unga muda mrefu zinachacha. Nafaka moja na kunde moja inatosha. Halafu mahindi yenye ukungu usimsagie mtoto, usiseme nitayapeta nitayaosha, sumukuvu, yani ile sumu ya ukungu, haitoki hata ukichemsha. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu kama 20 walifariki kwa sumukuvu ya mahindi.

Kwa wakubwa nitasema haraka haraka: dona kuliko sembe, mboga osha kabla ya kukata, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hasa kwa mjamzito, inazuia madini chuma kuingia mwilini, bora chungwa au limao.

Ila baba zangu nawageukia nyie. Mtoto wa miezi tisa anatakiwa ale mara tatu mpaka nne kwa siku. Mama ametoka alfajiri kwenda shamba, mtoto kaachwa na dada yake mdogo tu wa shule ya msingi, na uji wa asubuhi umepoa kwenye chupa mpaka jioni. Nani atamlisha hizo mara nne? Hapo hata nikifundisha mwezi mzima hamna kitu kitabadilika kama baba hajakubali mama arudi mapema, au yeye mwenyewe kushika kijiko. Na mayai, kuku wanataga kila siku na tray yote inaenda gulioni, parachichi nazo zote kwa dalali. Uzeni, sikatai, hela tunahitaji, ila ya mtoto itolewe kwanza kabla ya kuhesabu za kuuza.

Haya, wenye watoto chini ya miaka miwili pangeni mstari huku na kadi zenu tupime urefu na uzito, na akina baba mje nao, mwenye swali aniulize hapa hapa wakati tunapima.