Mfereji, Gari la Maksai na Mashine ya Chapa: Familia ya Moffat Kuruman

Wazee wetu, shikamooni. Wachungaji, walimu na wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya familia ya mmisionari ugenini. Tukitaja jambo hili, wengi wetu tunamwona Mzungu amesimama chini ya mti, Biblia mkononi, watu wamekaa mbele yake. Leo tumwache hapo hapo mtini. Twendeni uani, jikoni, mferejini na kwenye zizi la maksai. Hoja yangu ni moja tu: kituo cha misheni cha karne ya 19 kilisimama au kuanguka kwa mambo ya nyumbani kwanza, ndipo yakafuata ya madhabahuni. Asiyeangalia maji, unga, magurudumu na kazi ya mama mwenye nyumba hawezi kueleza kwa nini kituo kimoja kilidumu na kingine kikafa.

Nimechagua Kuruman, kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo, walikoishi Robert na Mary Moffat hadi 1870. Robert alizaliwa Ormiston, Scotland, mwaka 1795, akajifunza kazi ya bustani. Shirika la Misheni la London lilimtuma, akafika Cape Town Januari 1817. Mary Smith alikuwa binti wa mwenye bustani ya miche aliyokuwa akifanyia kazi Robert huko Uingereza. Wazazi wake walikataa kwanza asiende. Baadaye wakaridhia, akapanda meli peke yake, na wakafunga ndoa Cape Town tarehe 27 Desemba 1819. Shikeni hilo la bustani. Kwa miaka ya mwanzo lilikuwa na faida kuliko mahubiri yake.

Kutoka Cape Town hadi Kuruman ni karibu kilomita 1,000, na chombo kilikuwa gari la maksai. Gari hilo lina magurudumu manne ya mbao yenye pete za chuma, ya mbele madogo kuliko ya nyuma, na juu limefunikwa turubai lililotandazwa kwenye mbao zilizopindwa. Huvutwa na maksai 12 hadi 16, wawili wawili kwenye nira, nira zote zimefungwa kwenye mnyororo au kamba ndefu ya ngozi. Mtu mmoja hutangulia akiwaongoza wa mbele, mwingine hukaa garini na mjeledi mrefu. Mwendo wake ni kilomita tatu au nne kwa saa, basi. Safari ilikula miezi miwili hivi mambo yakienda vizuri.

Na mambo hayakwenda vizuri kila mara. Tatizo la kwanza ni ukame wa hewa: mbao za gurudumu hunywea, pete ya chuma hulegea, spoki hucheza, na gurudumu likigonga jiwe hufumuka lote. Dawa ya haraka ni kulilaza gurudumu majini usiku kucha mbao zivimbe, au kupigilia kabari kati ya mbao na chuma. Dawa ya kweli ni kuivua pete, kuifupisha, kuipasha moto hadi iwe nyekundu, kuivisha tena na kuimwagia maji ili ijibane. Hiyo ni kazi ya mhunzi, na jangwani mhunzi hakuna. Moffat alikuwa ameonja uhunzi ujanani. Huko Namaqualand, kabla ya Kuruman, alitengeneza mivukuto yake mwenyewe kwa ngozi za mbuzi ili afue vyuma vya gari. Tatizo la pili ni Mto Orange. Ukifurika, unakaa ukingoni wiki nzima na zaidi ukitazama maji, au unafunga magogo kuwa chelezo, unavusha mzigo kidogo kidogo na maksai wanaogelea. Tatizo la tatu ni maji ya kunywa. Maksai waliokosa maji siku mbili, wakifunguliwa nira, hutoroka wakarudi walikotoka, na kuwatafuta kunakula siku nyingine.

Ukilijua gari hilo unaielewa familia. Kila sindano, kila ratili ya sukari na kila barua ilipita kwenye magurudumu hayo. Mtoto akiumwa, daktari yuko mbali mwendo wa wiki kadhaa. Mtoto akifika umri wa shule, shule iko upande wa pili wa nchi: mwaka 1830 Mary aliwapeleka mabinti wake wakubwa, Mary na Ann, kwenye shule ya Wamethodisti huko Salem, karibu na Grahamstown, akawaacha, akarudi. Mkubwa alikuwa na miaka tisa. Jumla alizaa watoto kumi, saba ndio waliokua. Na humo nyumbani walimlea pia Sarah Roby, mtoto wa kike aliyeokolewa baada ya kuzikwa akiwa hai.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo.

Kuruman ina chemchemi kubwa inayotoka chini ya mwamba, ambayo hutoa kama lita milioni 20 kwa siku, masika na kiangazi. Mvua ya nchi ile ni haba na haitabiriki. Robert, kama mtu wa bustani, aliona mara moja kwamba bila mfereji hakuna ngano, na bila ngano familia itaishi kwa kuombaomba kutoka pwani. Yeye na mwenzake Robert Hamilton wakachimba mfereji kutoka mtoni hadi bustani zao. Kosa likawa njia yake: ulipita katikati ya mashamba ya wanawake wa Batlhaping, jamii mojawapo ya Watswana. Wanawake wakaona mboga za wageni zimesitawi huku mtama wao umenyauka. Wakafanya ambalo mtu yeyote wa Kilimanjaro au Marakwet, aliyekulia kwenye mifereji, angelitarajia: wakaubomoa ukingo, wakayaelekeza maji kwao.

Wamisionari wakawa wanakwenda kwa zamu kila alasiri, jua kali, koleo begani, kuziba matundu mmoja baada ya mwingine, ili angalau usiku maji yafike wamwagilie. Asubuhi matundu yale yale yamefunguliwa. Walipolalamika sana, wanawake wakaenda na majembe yao wakalibomoa bwawa lenyewe la kuchepushia maji, asipate mtu. Moffat aliliandika hilo kama uchokozi. Mimi nalisoma tofauti: mto ulikuwa wao, mashamba yalikuwa yao, na hakuna aliyewaita kikaoni kabla ya kuchimba. Mfereji unaopita shamba la mtu bila makubaliano ya zamu ni ugomvi uliochimbwa kwa mikono. Baada ya muda wanawake wenyewe wakaanza kumwagilia, na hapo ndipo ugomvi ulipopata nafasi ya kutulia.

Jambo hilo liliwafundisha. Walipohamia bonde jipya karibu zaidi na chemchemi, kuanzia 1824, walikubaliana kwanza na chifu Mothibi. Bonde lilikuwa matete na tope, kwa hiyo kazi ilianza kwa kulikausha: mtaro wa kutoa maji ya ziada kwanza, kisha mfereji wa kuleta maji pembeni, juu kidogo ya usawa wa mashamba. Mpangilio huo si wa bahati. Ukileta maji kabla ya kutoa yaliyopo, mizizi ya ngano inaoza na chumvichumvi inapanda juu ya udongo.

Upande wa mvua ulikuwa mgumu zaidi. Kiangazi kiliporefuka, Batlhaping walimleta mganga wa mvua kutoka mbali, na mvua ilipokataa, lawama ziliangukia kengele ya kanisa kwamba inayatisha mawingu. Tusicheke. Watu waliona kitu kipya kimekuja na mvua imekoma; waliunganisha mambo mawili kama tunavyofanya sisi sote. Lakini kwa familia ile ilikuwa hatari ya kweli, kwani chifu aliwatuma watu kuwaambia wafungashe waondoke.

Ndani ya nyumba, kazi ilikuwa ya Mary. Sakafu ya udongo ilisiribwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji, mara moja kwa wiki, safu nyembamba, madirisha wazi mpaka ikauke. Ikiwa nzito mno inapasuka na kubanduka; ikiwa nyepesi mno vumbi linarudi siku ya pili. Mary aliyetoka kwenye nyumba za Uingereza alichukizwa mwanzoni, kisha akawa akiwaandikia kwao kuwa hakuna kinachotuliza vumbi na kuua viroboto kama hicho. Aliyemfundisha si shirika la London. Ni kawaida ya nchi. Mishumaa ilitokana na mafuta ya wanyama. Sabuni pia, ikipikwa kwa majivu, na hiyo hupikwa kwa siku kadhaa. Majivu yakipungua nguvu, sufuria nzima inabaki uji wa mafuta. Juu ya hayo, wageni: kila msafiri, mwindaji na mmisionari aliyekwenda kaskazini alipumzika kwake, kwa majuma, pamoja na maksai wake. Taarifa za misheni za zama zile huhesabu mahubiri na waliobatizwa. Hazihesabu sahani.

Waliobatizwa, kwa kweli, hawakuwepo. Kwa miaka minane hivi hakuna mtu. Sababu mojawapo ni wazi: Robert alihubiri kwa Kiholanzi na mkalimani akageuza alivyoweza. Mwaka 1827 aliacha kazi zote, akaenda kukaa majuma kadhaa kwenye vijiji vya Barolong, Watswana wengine, bila mtu wa kuzungumza naye lugha nyingine, akarudi anasema Kitswana. Angefanya hivyo mapema, nadhani, kama asingekuwa anajenga, anafua vyuma na kuziba mifereji. Mwaka 1829 mambo yakageuka, watu sita wa kwanza wakabatizwa. Miaka miwili kabla, Mary alipoulizwa na rafiki yake wa Sheffield apelekewe nini, aliomba vyombo vya Meza ya Bwana, wakati hakuna hata mshiriki mmoja. Sanduku likafika muda mfupi tu kabla ya ushirika wa kwanza. Watu hulisimulia kama muujiza; mimi naona pia mwanamke aliyejua kwamba kitu ukikiagiza leo kitafika baada ya miaka miwili.

Injili ya Luka kwa Kitswana ilichapwa Cape Town mwaka 1830. Serikali ilimruhusu Moffat kutumia mashine yake, lakini mpanga herufi hakuwepo, kwa hiyo yeye na mwenzake Rogers Edwards wakajifunza na kupanga wenyewe. Alirudi Kuruman 1831 na mashine yake ya mkono ya chuma garini. Kazi yenyewe ni hii: herufi za risasi hupangwa moja moja, kinyumenyume, mstari kwa mstari, kurasa hubanwa kwenye fremu ya chuma, wino hupakwa, karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu, mkono wa mashine huvutwa, karatasi huanikwa. Baada ya kuchapa upande wa pili, herufi hurudishwa kisandukuni ili zipange ukurasa unaofuata. Lugha zetu za Kibantu zinamaliza herufi ya «a» haraka kuliko Kiingereza, na hewa kavu huikausha karatasi kabla haijafika kwenye wino, ikatoka imefifia nusu. Agano Jipya lilichapwa London 1840, kwa kuwa Cape Town haikuiweza kazi kubwa hivyo. Biblia nzima ilikamilika Kuruman 1857, kwa msaada mkubwa wa William Ashton aliyeisimamia mashine na kusahihisha.

Kanisa la mawe lilifunguliwa Novemba 1838. Lilijengwa kuchukua hadi watu 1,000. Mawe yalipatikana jirani. Shida ilikuwa paa, maana miti ya eneo lile ni mifupi. Boriti zilivutwa kwa maksai zaidi ya kilomita 300 kutoka milima ya Wahurutshe, jamii nyingine ya Watswana. Paa likaezekwa nyasi, na jengo lingali linasimama.

Nyumba ile ilizaa nyumba nyingine. Binti mkubwa, Mary, alifundisha watoto wadogo pale Kuruman, akaolewa na David Livingstone Januari 1845, akafariki Shupanga kando ya Zambezi tarehe 27 Aprili 1862. Binti mwingine, Elizabeth, aliolewa na mmisionari Roger Price, na kwa Price habari hii inafika kwetu.

Price alikuwa amekwisha kuona kituo kikifa. Mwaka 1859 yeye na mkewe wa kwanza, pamoja na familia ya Holloway Helmore, waliondoka Kuruman kwa magari kwenda Linyanti kwa Wamakololo. Bonde la Linyanti ni kinamasi. Ndani ya miezi michache ya 1860 homa iliwaua Helmore, mkewe, wawili kati ya watoto wao wanne, mtoto wa Price na baadaye mke wake. Mbu hakushukiwa, na watu wengi walidhani ni sumu. Kila walichojua kuhusu mfereji, ngano na sakafu hakikufaa kitu mahali penye malaria.

Mwaka 1876 shirika likamtuma Price pwani yetu kutafuta njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Akatoka Saadani na maksai wanne hadi Mpwapwa, akarudi nao, akatoa taarifa kwamba njia ya magari inawezekana. Msafara wa 1877 ukaja na magari na maksai wengi, kwa ujuzi wote wa Kuruman. Mbung'o wakawamaliza. Kosa la hesabu lilikuwa dogo na la wazi: ng'ombe aliyeumwa na mbung'o hafi siku ile, hukonda kwa wiki kadhaa, kwa hiyo safari fupi ya kwenda na kurudi haithibitishi kitu. Magari yakaachwa. Wamisionari wawili wa msafara huo, Thomson na Hore, walifika Ujiji Agosti 1878 kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi, frasila mbili kwa mtu. Thomson akafa mwezi uliofuata. Na Annie, mke wa Hore, alipoletwa ziwani na mtoto wao mdogo miaka ya 1880, alikwenda akiwa kwenye kiti kilichobebwa mabegani na watu.

Maswali sasa. Mzee pale mbele ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.