Mawimbi ya Ubongo na Hali za Akili

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Hans Berger alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, umeme hafifu mno ambao juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Hakuyachapisha matokeo yake hadi 1929. Alichokiona bado huonekana katika chumba chochote cha kipimo hicho cha umeme wa ubongo: mtu akifumba macho na kutulia, sehemu ya nyuma ya kichwa hutoa mawimbi yenye mpangilio, mara 8 hadi 13 kwa sekunde, yaitwayo alfa; akifumbua macho, mawimbi hayo hufifia papo hapo, na yanayobaki ni madogo na ya kasi zaidi, yaani beta.

Kutokana na hayo watu wamejenga ngazi ya mawimbi, kutoka ya polepole hadi ya kasi: delta ni usingizi mzito, theta kusinzia, alfa utulivu, beta shughuli. Ngazi hiyo ina ukweli wake, ila naona imebebeshwa mzigo isiouweza, hasa na wanaouza muziki wa kuamsha alfa. Wapo wagonjwa waliopoteza fahamu kabisa baada ya moyo kusimama, ambao ubongo wao hutoa mawimbi ya kasi ileile ya alfa, wala hapo hakuna utulivu wa kusifiwa. Delta nazo ni za kawaida kwa mtoto mchanga, lakini zikig'ang'ania upande mmoja wa kichwa cha mtu mzima aliye macho, daktari hushuku uvimbe au jeraha.

Yupo pia mtoto anayekatiza sentensi, akakodoa macho kwa sekunde kadhaa, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Darasani huyu hugombezwa kwa kuduwaa. Kwenye kipimo huombwa apumue kwa nguvu kwa dakika 3 hivi. Ikiwa ana kifafa cha aina hiyo, mara nyingi mistari yote inayochorwa na kipimo hubadilika kwa pamoja, ncha kali ikifuatwa na wimbi pana, mara 3 hivi kwa sekunde, na akiulizwa jina lake wakati huo kwa kawaida hajibu. Mawimbi hayo yakikoma, hujibu. Katika yote niliyoyataja, hapa ndipo wimbi na hali ya akili huandamana kwa ukaribu zaidi.