Sindano ya Ganzi na Neva Isiyopita Ilipotarajiwa

Asalaam aleikum, na habari za jioni wazee wangu na kina mama wa Tanga.

Sisi madaktari wa ganzi na usingizi kuna jambo linatuuma. Mgonjwa mwenye maumivu sugu anachomwa sindano ya ganzi, haimsaidii, kisha anaambiwa maumivu yake ni mawazo tu. Jamani, huenda neva yake, yaani mshipa wa fahamu, haipiti pale sindano ilipoingia!

Chukueni neva ya ngozi ya paja, upande wa nje. Ikibanwa nyongani, iwe kwa mkanda uliokazwa, unene au ujauzito, paja linawaka moto na kufa ganzi, hata kuguswa na nguo ni tabu. Mguu haupungui nguvu, maana neva hii haiendeshi msuli wowote, kazi yake ni kuhisi. Hebu shikeni ile ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele. Kwa kawaida neva inapita ndani kidogo ya hapo. Ndiyo maana tulifundishwa kupima sentimita 2 kuelekea ndani, 2 kushuka, kisha kuchoma.

Lakini mwili haukupangwa kwa namba kama barabara za Ngamiani. Kwa wengine neva inapita juu ya mfupa wenyewe, wengine inatoboa msuli, wengine imeshagawanyika matawi kabla ya kufika pajani. Dawa inamwagwa pasipo na neva. Ukiongeza dawa kwa kubahatisha, inaweza kusambaa hadi neva kuu ya mbele ya paja; goti linalegea, mgonjwa anaanguka akishuka kitandani.

Hata neva kubwa ya nyuma ya mguu iko hivyo. Mwaka 1937 watafiti wa maumbile ya mwili, Beaton na Anson, walipanga namna 6 inavyopishana na msuli wa pirifomisi, ndani ya tako.

Kwa hiyo naisisitiza sana ultrasaundi. Unaiona neva, unaiona sindano, na dawa kidogo inatosha.

Nanyi tusaidieni. Ukishachomwa, jipapase paja ndani ya saa ile ya kwanza. Kama ganzi haikuongezeka, dawa haikufika, turudie tukitazama. Kama paja limekufa ganzi kabisa na maumivu yako palepale, basi chanzo kiko kwingine, pengine kiunoni kwenye uti wa mgongo, neva hii inakoanzia. Hapo sindano ya pili pajani ni kukutesa bure, mgongo ndio upimwe.