Kabla Hujaweka Hela Kwenye Bangi ya Oklahoma, Nisikilize

Haya ndugu zangu, habari za nyumbani. Niko ndani ya gari hapa Oklahoma City, Marekani, na hilo duka mnaloliona nyuma yangu, lenye msalaba wa kijani, linauza bangi ya matibabu. Nimewasha kamera kwa sababu ya ujumbe wa mdogo wangu wa Mbeya. Kaniandikia: "Dada, nina milioni 20 za kahawa. Nasikia huko bangi ni halali, niwekezee." Na si yeye peke yake, kila wiki napata ujumbe wa namna hii.

Ni kweli, kwa sheria ya jimbo ni halali, lakini kwa matibabu tu. Tarehe 26 Juni 2018 wananchi wa Oklahoma walipiga kura wakaipitisha. Mgonjwa anaonana na daktari, daktari anasaini, analipa dola 100, anapata kadi ya miaka miwili. Leseni ya biashara ilikuwa dola 2,500, na hapakuwa na ukomo wa idadi. Jamani, watu walimiminika! Jimbo la watu kama milioni 4 likajikuta na wakulima wenye leseni zaidi ya 8,000. Mzigo ukazidi wanunuzi, bei zikaporomoka, na Agosti 2022 jimbo likasimamisha leseni mpya. Kwa hiyo mtu akikuahidi leseni mpya ya haraka haraka, muulize kwanza dirisha la maombi lilifunguliwa tena lini.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, mzee wa Kimarekani anayesumbuliwa na mgongo, kwenye duka kama hili. Mlangoni wanakagua kadi. Ndani kuna mitungi ya vioo, na kila pakiti ina lebo yenye namba ya mzigo na vipimo vya maabara. Kwenye kona kuna mashine ya kutolea pesa, kwa sababu kampuni kubwa za kadi za benki haziruhusu malipo ya bangi. Huko shambani kila mche una kitambulisho chake chenye namba, unafuatiliwa kwenye mfumo wa jimbo tangu ukiwa mchanga mpaka unauzwa, na hata majani yanayotupwa yanapimwa. Hii ni kazi ya mtu mwenye mtaji mnene na makaratasi yaliyonyooka.

Kodi sasa. Kuna kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinaitwa 280E, cha mwaka 1982. Anayeuza dawa za kulevya ambazo serikali kuu imeziweka daraja la kwanza au la pili, yaani zile inazozibana zaidi, haruhusiwi kutoa gharama za uendeshaji kabla ya kukokotoa kodi, anatoa bei ya mzigo tu. Chukua kalamu, tupige hesabu. Umeuza dola 100,000. Mzigo ulikugharimu 50,000. Pango na mishahara 40,000. Mkononi imebaki 10,000, si ndiyo? Lakini bangi ikihesabiwa kwenye madaraja hayo, kodi inapigwa kwenye 50,000. Kampuni ikitozwa asilimia 21, hiyo ni dola 10,500. Umefanya kazi mwaka mzima na unadaiwa zaidi ya ulichopata. Hesabu hii imewaumiza wengi.

Ila hela si ndicho kinachoniumiza roho. Kinachoniumiza ni majina yetu. Sheria ya hapa inataka asilimia 75 ya umiliki iwe ya wakazi wa Oklahoma, waliokaa angalau miaka miwili. Wenye hela wa nje wakaanza kutafuta wakazi wa kuazima majina. Kaka mmoja wa jamii yetu, dereva wa lori, alikuja kwangu usiku na bahasha. Tuliifungua mezani jikoni. Jina lake limeandikwa kama mmiliki wa asilimia 75 za shamba ambalo hajawahi kulikanyaga. Kaahidiwa hela kila mwezi, kimebaki kusaini tu. Nilimwambia, kaka, siku polisi wakivamia lile shamba, hawatamtafuta aliyeleta hela, watakutafuta wewe mwenye jina. Asubuhi tukaenda kwa mwanasheria, naye akamwambia hivyo hivyo. Bahasha ikarudi bila saini.

Na yule kaka alikuwa na grini kadi tu, yaani kibali cha kuishi Marekani, si uraia. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa mliokuja juzi juzi mnaobeba maboksi na kutafuta kazi yenye nafuu. Jimbo limeruhusu, lakini uhamiaji ni mambo ya serikali kuu ya Washington, na huko bangi iliwekwa daraja la kwanza, pamoja na heroini, kwa sheria ya mwaka 1970. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo wazi: kujihusisha na bangi, hata kuajiriwa tu kwenye jimbo lililoihalalisha, kunaweza kukukosesha uraia kwa hoja kwamba huna mwenendo mwema. Mwaka huo huo kule Denver, jimbo la Colorado, wahamiaji wawili, mmoja wa Lithuania na mmoja wa El Salvador, walisema wamenyimwa uraia kwa sababu ya kazi zao kwenye biashara halali za bangi. Meya wa wakati huo, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa nchi kulalamika.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna kibarua cha kuvuna, au cha kusimama kaunta, na karatasi zako bado hazijakamilika, ona mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuingia zamu ya kwanza. Na ukienda likizo Dar, usifungashe pipi za bangi wala mafuta yake. Kwetu ni kosa la jinai, na kadi ya mgonjwa ya Oklahoma haikusaidii kitu pale uwanjani.

Mdogo wangu wa Mbeya, najua unaiangalia hii. Zile milioni 20 usizitume kwa mtu yeyote, hata akisema ananifahamu. Jumapili nikitoka kanisani nakupigia, uwe umeniandalia hesabu ya ile mashine ya kukoboa kahawa uliyoniambia mwaka jana.